Shingo na Abiria Wake

"Miaka ishirini na sita naendesha baiskeli katika mji huu," tarishi alisema, kipaza sauti kikiwa kimekaribia kumezwa, "na sijawahi kugeuza shingo kutazama nyuma. Hata siku moja. Waulizeni wanaonijua."

Ilikuwa sherehe ya kumuaga mhasibu mkuu. Kipaza sauti kilianzia kwa mkurugenzi, kikashuka cheo kwa cheo, na kila kiliposhuka wasikilizaji walipungua. Kilipomfikia tarishi, nusu ya ukumbi ilikuwa inafunga keki kwenye karatasi za kupeleka nyumbani. Alipewa kwa adabu tu, kama unavyomkaribisha mtu mezani huku ukiomba aseme ameshiba. Yeye hakusema ameshiba.

Watu wakapiga makofi. Mlinzi wa getini, mtu ambaye ulimi wake haujawahi kuomba likizo, akadakia, "Basi huyu ni gari bovu. Halina rivasi." Ukumbi mzima ukacheka, na kuanzia siku ile jina lililoandikwa kwenye kitambulisho likabaki kwenye kitambulisho. Yeye akawa Shingo.

Mkewe alikuwepo. Alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, sahani mapajani, amevaa gauni alilolishona mwenyewe kwa kitambaa kilichokuwa kimekusudiwa mapazia. Hakucheka wala hakukanusha. Alikunja midomo tu kama mtu aliyebana pini kwa meno, na kwa kuwa alikuwa mshonaji, hakuna aliyedhani ana neno.

Neno alikuwa nalo. Alilitoa njiani wakati wa kurudi, mume kwenye pedali, yeye juu ya keria.

"Umewaambia hujawahi kugeuka."

"Kwani uongo?"

"Kweli tupu. Ila sababu hukuisema."

"Sherehe haikuwa yako, bibie."

"Wala haikuwa yako, baba." Akampiga kiganja kimoja bega la kulia. Shingo akasogea pembeni bila kuuliza, na gari likawapita likipiga honi ambayo wao hawakuihitaji.

Sababu yenyewe ndiyo hiyo. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu bwana macho ya nyuma alikuwa ameyaoa. Baiskeli na mke aliwapata mwaka mmoja, na tangu wiki ya kwanza mke alikaa keria, kwa upande, miguu imetulia kwenye kijiti cha chuma alichochomelewa maalumu. Chini yake palikuwa na mto aliouunga kwa vipande vya sare, kaki na bluu na kijani cha manesi. Kwa kukaa upande, alikuwa akiona nyuma kama mtu aliye dirishani. Wakatengeneza lugha yao. Kiganja kimoja begani: gari linakuja, kaa pembeni. Kiganja kikitulia katikati ya mgongo: subiri. Viwili vya haraka kiunoni: peupe, kata. Katika miaka yote hiyo Shingo hakuwahi kujifunza kutazama nyuma, kama vile mtu mwenye mpishi asivyojifunza kukoroga. Mtaani walimwita mkewe Abiria. Lingekuwa jina la haki kama wangemwita Kondakta.

Mchana Shingo alipokuwa peke yake na bahasha zake, alikuwa na ujanja. Katikati ya mji mitaa imekatwa mraba, na yeye alikata kushoto tu. Akitaka kwenda kulia, alikata kushoto mara tatu. Barua ya jengo la jirani ingeweza kuona mandhari ya mji mzima kabla ya kufika. Ila kati ya nyumbani na mjini palikuwa na ule mzunguko mkubwa wa barabara nne, na hapo kushoto hakusaidii. Lazima uhame kutoka ukingoni uingie katikati ya magari. Hapo ndipo viganja viwili vya kiunoni vilipofanya kazi, asubuhi wakienda, jioni wakirudi baada ya kumpitia kwenye geti la kiwanda cha sare. Siku chache Abiria alipougua, Shingo naye aliomba ruhusa kazini. Watu walisema, mwanamume anayempenda mkewe ndiyo huyo. Alimpenda, hilo halina ubishi. Lakini pia asingevuka.

Kuna mwaka waligombana vibaya. Chanzo kilikuwa shangazi yake Shingo, aliyekuja kukaa siku mbili akakaa miezi mitano na kuwasema wote. Siku kumi na moja hawakusemeshana ndani ya nyumba. Chakula kiliwekwa mezani kama barua ya serikali, bila salamu. Lakini asubuhi Abiria alipanda keria, akanuna huko juu, na mkono ukafanya kazi yake: bega, mgongo, kiuno. Siku ya kumi na mbili, pale mzunguko, alimpiga viwili kiunoni kisha akauacha mkono hapo hapo. Ugomvi ukaisha bila mkutano.

Miaka mitatu baada ya ile sherehe, kiwanda kilipunguza watu, na Abiria akawa wa kwanza kwenye orodha kwa kuwa alikuwa wa kwanza kuajiriwa. Mwezi huo huo binti yao, anayeishi mji mwingine mwendo wa siku nzima kwa basi, akajifungua mapacha. Akapiga simu akilia, watoto wakilia, na mume wake akisikika kwa mbali akiuliza maziwa yako wapi.

"Miezi mitatu tu," Abiria alisema akikunja nguo. "Nikiwaacha mapema, watawavisha watoto wale soksi kichwani."

Shingo alimpeleka kituoni kwa keria, begi limening'inia kwenye usukani. Basi lilipoondoka alisimama mpaka moshi ukaisha, kisha akapanda baiskeli kurudi. Ilikuwa nyepesi nyuma, inayumba kama kikapu kitupu. Alipofika mzunguko akapunguza mwendo, akasubiri. Alisubiri kiunoni. Magari yakapita, yakapita, na nyuma yake honi zikaanza kumuuliza kama amehamia pale. Akajaribu kugeuka mwenyewe. Shingo ilipogeuka, mikono ikaifuata, usukani ukafuata mikono, na baiskeli ikaingia kwenye mtaro ikiwa na adabu zote. Akashuka, akaisukuma, akavuka na akina mama wenye vikapu.

Tangu siku hiyo ilikuwa hivyo hivyo. Asubuhi aliondoka dakika ishirini kabla ya saa yake ya zamani. Aliendesha mpaka mzunguko, akashuka, akaivusha baiskeli kama mtu anayepeleka mbuzi asiyetaka, akapanda tena ng'ambo. Ofisini hawakujua. Mlinzi aliendelea kumpokea getini, "Shingo Chuma, umefika bila rivasi?" naye akijibu, "Kama kawaida," akapita haraka asije akaulizwa la pili.

Aliyejua ni fundi baiskeli, ambaye kibanda chake kilikuwa hatua kumi kabla ya mzunguko. Fundi huyu alikuwa kijana mwenye vidole vyeusi na maoni mengi, na mbele ya kibanda alikuwa ametundika vioo vya pembeni vya baiskeli, vya mviringo, vina shingo ndefu za chuma. Vilikuwa vinacheza na upepo na kumulika wapita njia usoni.

"Mzee Shingo, shikamoo."

"Marahaba."

"Leo tena tunamtembeza?"

"Anahitaji mazoezi."

"Nunua kioo, mzee wangu. Nakufunga dakika tano, unavuka umekaa kama bwana."

"Kioo cha nini? Mimi nachana nywele barabarani?"

"Cha nyuma, mzee. Uone nyuma."

"Mtu wangu wa nyuma anarudi mwezi wa nne."

Fundi alikuwa ameshasikia mwezi wa kwanza na mwezi wa pili. "Wa nne wa mwaka huu?"

"Wewe ziba pancha."

"Bei yenyewe si kubwa, ni—"

"Sijauliza bei," Shingo alisema, na akashuka kuivusha baiskeli. Ikawa ndiyo desturi yao. Kila fundi alipofika kwenye bei, Shingo alimkata. Bei huulizwa na mnunuzi, na mnunuzi wa kioo ni mtu asiyekuwa na mwenzake keria. Yeye alikuwa naye. Hakuwepo tu kwa sasa.

Mwezi wa nne ulikuja ukapita kama gari la takataka, bila kusimama. Mapacha wakaota meno. Mapacha wakaanza kutambaa, kila mmoja upande wake, na kila simu Abiria alikuwa anakimbiza mmoja wakati anaongea. "Subiri, baba, huyu ameshika pasi." Shingo alisubiri. Simu ilibaki wazi mezani kwao, naye akisikiliza nyumba iliyojaa watu: sufuria, televisheni, mtoto, mlango, kicheko cha mkewe kwa jambo ambalo hakuambiwa. Baada ya muda mtu alikuja kukata simu bila kujua kuna mtu ndani yake.

Alikwenda huko mara moja, likizo ya wiki. Ghorofa ya nne, kochi lenye nailoni, mapacha wakilia kila walipomwona kama vile amekuja kuwadai. Siku ya tatu aliuliza wapi anaweza kukodi baiskeli, anyooshe miguu. Mkwewe akatabasamu. "Baba, huku barabara zilivyo, ukipanda baiskeli tunakuja kukuchukua kwa vipande." Siku ya nne Shingo alisema kazini wanamhitaji sana. Akarudi, na kazini akakuta hakuna aliyekuwa ameona kwamba hayupo. Zilikuwa zimebaki bahasha sita kwa siku, zile zinazohitaji muhuri na saini ya wino. Nyingine zote zilikuwa zimejifunza kujipeleka zenyewe kwenye kompyuta.

Nyumbani palikuwa na vyumba viwili. Kimoja alilala. Cha pili palikaa baiskeli ukutani, na mbele yake, dirishani, palikaa cherehani ya Abiria. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yake kuu. Mtu anaweza kusema maneno ya kila aina kwenye simu, lakini mshonaji haachi cherehani mahali asiporudi. Kila Jumapili aliifunua, akaipangusa, akaitia mafuta yale yale ya cheni ya baiskeli, tone moja huku tone moja kule, akazungusha gurudumu lake mara chache isikie kwamba haijasahaulika. Majirani walisikia cherehani ikilia ndani wakadhani Abiria amerudi. Jirani mmoja alikuja na suruali ya kupunguza. Shingo akamwambia arudi mwezi ujao.

Halafu Alhamisi moja binti akapiga simu.

"Baba, shikamoo. Baba, naomba ututumie cherehani ya mama."

Shingo alikuwa amesimama. Akakaa. "Imeharibika?"

"Baba, iko kwako, itaharibikaje? Mama amepata kazi ya kushona sare za chekechea ya hapa chini. Watoto themanini. Anaazima cherehani ya jirani, na jirani ameanza kukohoa kila akimwona."

"Mpe mama niongee naye."

Kukawa kimya, kile kimya cha mtu anayeangalia mtu mwingine na kukataliwa kwa kichwa. "Anawaogesha watoto, baba."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Na nyuma hapakusikika maji.

Jumamosi aliifunga. Aliichomoa kwenye meza yake, akabaki na kile kichwa cha chuma tu, akakiviringisha kwenye shuka, akakiweka juu ya ule mto wa viraka na kukikaza kwa mipira ya tyubu, huku mpini wa mbao wa gurudumu ukichungulia mbele, upande wa mgongo wake. Angeweza kukodi gari. Hakulifikiria. Chochote cha Abiria kilichowahi kupita mji ule kilipita juu ya keria ile.

Na alipoanza kukanyaga pedali, kitu kikatokea ambacho hakukitarajia: baiskeli ikatulia. Ule wepesi wa nyuma uliomyumbisha mwaka mzima ukaisha. Usukani ukakaa mkononi kama zamani, mteremko ukawa mteremko, na kwenye kilima miguu ikachoka ule uchovu wake wa halali. Mgongo ulipata uzito wake. Kabla hajafika sokoni Shingo alikuwa ameanza kuongea. Alisimulia habari ya mlinzi, jinsi alivyosinzia getini gari la mkurugenzi likapita, akaamka akalipigia saluti gari la mchanga. Alisimulia vizuri, akaacha nafasi ya kicheko, akaendelea.

Karibu na mzunguko lami ina makunyanzi. Gurudumu la mbele likaruka, la nyuma likaruka, mipira ya tyubu ikalegea kidogo, na ule mpini wa mbao ukamgonga Shingo kiunoni. Mara mbili. Haraka.

Akakata.

Hakufikiri, kwa sababu kiuno hakifikiri. Aliingia katikati ya barabara kichwa juu, macho mbele, mtu wa miaka thelathini bila kugeuka. Gari la mikate lilifunga breki likalia kama nguruwe. Lilisimama huku bampa limegusa gurudumu la nyuma, limeligusa tu, lakini baiskeli ililala, na Shingo akalala nayo kiwiko kwanza. Cherehani ilibaki kwenye keria. Alifunga vizuri.

Dereva alichomoa kichwa dirishani. "Mzee, unakata tu? Nyuma umetazama?"

"Sijawahi," Shingo alisema. Yalikuwa maneno yale yale ya ukumbini. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Fundi alikuwa ameshafika mbio. Alinyanyua baiskeli, akamnyanyua mzee, akamwongoza mpaka kibandani, akamkalisha juu ya kopo la rangi na kumwagia maji kwenye kiwiko. Akaangalia mzigo.

"Cherehani ya Abiria?"

"Ndiyo."

"Inakwenda matengenezo?"

"Inakwenda kwake."

Fundi akaangalia vioo vyake vinavyocheza. Akachukua koleo na kunyoosha spoku mbili zilizopinda, polepole kuliko kazi ilivyohitaji.

Kwenye ofisi ya vifurushi, karani alikuwa dada mmoja aliyeandika bila kuinua uso.

"Mpokeaji?"

Shingo akataja.

"Ni nani wako?"

"Mke wangu."

"Mtumaji?"

"Mimi."

"Anuani moja?"

Shingo akatazama kalamu ya yule dada, ilivyosimama juu ya karatasi ikimsubiri. "Andika mbili," akasema.

Jioni Abiria alipiga mwenyewe. Hapakuwa na mtoto wala sufuria. Alikuwa ametoka ngazini, sauti yake ilikuwa na mwangwi.

"Umeituma?"

"Nimeituma. Jumatatu itafika. Nimeitia mafuta."

"Ahsante, baba. Umeibebaje mpaka kule?"

"Keria."

"Ukapita mzunguko?"

"Nikapita."

"Nani alikuangalizia?"

"Cherehani yako," Shingo alisema. Ulikuwa mzaha, na pia haukuwa. Abiria hakucheka. Alimjua mtu wake. Miaka ishirini na tisa alikuwa ameusoma mgongo ule kama gazeti.

"Umeanguka."

"Kidogo. Kiwiko."

"Baba." Mwangwi ukasema tena, baba. "Mimi sirudi mwezi ujao. Wala huo mwingine. Nilikuwa nashindwa kukwambia, ndiyo maana nilikuwa nawaogesha watoto saa nne asubuhi. Huku nina kazi, na hawa wawili hawalali bila mimi. Wewe umebakiza mwaka na nusu. Ukistaafu, uje."

"Baiskeli itakaa wapi?"

"Ghorofa ya nne, baba."

"Najua ni ya nne."

"Basi."

Kwenye simu kila mmoja alisikia mwenzake anapumua, kama zamani kwenye kilima. Shingo alikuwa ameegemea meza tupu ya cherehani. Pale kichwa kilipokuwa, mbao ilikuwa na rangi changa, mraba safi usiowahi kuona jua.

"Uangalie njiani," Abiria alisema mwishowe, na safari hii alikata yeye mwenyewe, taratibu.

Jumatatu Shingo aliondoka dakika ishirini kabla, kama kawaida. Baiskeli ilikuwa nyepesi nyuma. Mto wa viraka ulikuwa bado umefungwa kwenye keria. Aliushika fundo asubuhi ile akauacha. Alipofika kibandani fundi alikuwa ndiyo kwanza anatundika bidhaa zake. Shingo akashuka, lakini hakuenda kuvuka.

"Shikamoo, mzee. Kiwiko?"

"Kipo. Vile vioo vyako."

"Vipo."

"Cha upande wa kulia kipo?"

"Kipo."

Fundi akakitungua kimoja, akakipangusa na shati lake, akampa. Shingo akakishika mbali kidogo na uso, akakigeuza. Ndani yake palikuwa na kipande cha barabara aliyoipita, akina mama wenye vikapu, basi moja, na ukingoni keria yake yenye mto. Akakitazama kwa muda.

"Bei gani?" akauliza.

Fundi alikuwa amelisubiri swali hilo kwa muda mrefu, na alikuwa na vichekesho vingi alivyovitunza kwa siku hiyo. Hakutoa hata kimoja.

"Elfu nne na mia tano, pamoja na kufunga."